Unga wa proteze: namna kiungo cha bandia kinaweza kumaliza mufupa polepole

Mutu aliyebadilishiwa nyonga anatoka ku hospitali na kiungo kipya cha chuma na plastiki. Maumivu yanapungua, anaanza kutembea, anarudia kazi yake. Miaka 5 inapita, 10, hata 15. Siku moja ku radiografi munganga anaona shimo ndani ya mufupa, pembeni ya ile proteze. Si kansa, si mikrobi, na mutu hakuanguka. Mufupa umekuliwa tu. Waganga wanaita hali hiyo osteolizi, ni kusema kuyeyuka kwa mufupa, na chanzo chake ni unga mudogo sana unaotoka ku proteze yenyewe kila mutu anapopiga hatua.

Jambo hili linahusu pia mikoa yetu ya mashariki, hata kama upasuaji wa namna hiyo bado haufanyiki fasi nyingi. Watu wanaenda kubadilishiwa nyonga ao goti huko Kampala, Kigali, Nairobi ao India, kisha wanarudi Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira. Na wengi kati yao si wazee. Ugonjwa wa drepanositozi, wenye watu wanaita SS, unaziba mishipa midogo ya damu na kuua kichwa cha mufupa wa paja, hata kwa kijana wa miaka 20. Dawa za aina ya deksametazone na prednizolone, zikikunywiwa kwa muda murefu, zinaweza kuleta shida ileile. Na inajulikana kama kuko watu wanazikunywa bila munganga, juu wanenepe. Ongeza ajali za moto. Huko Malawi, kwenye walianza kuandika kila proteze ndani ya daftari ya taifa mwaka wa 2005, sababu ya kwanza ya kubadilisha nyonga ilikuwa njo hiyo: kufa kwa kichwa cha mufupa. Ulaya sababu ya kwanza ni uzee wa viungo. Tofauti hiyo ina uzito. Muzee wa miaka 75 anaweza kufa na proteze yake ikiwa ingali nzima, lakini kijana wa miaka 30 ataitembeza miaka mingi kuliko ile wafundi waliipangia.

Tusichanganye mambo. Mutu mwenye kuvunjika muguu na kuwekewa plaki, visi ao musumari ndani ya mufupa hana proteze ya kiungo. Chuma chake kinashikanisha mufupa, hakizunguki juu ya kitu kingine siku nzima. Maelezo ya hapa hayamuhusu. Yanamuhusu mutu ambaye kiungo chenyewe, nyonga, goti ao bega, kilitolewa na kuwekewa kingine.

Kipira na bakuli

Nyonga ya kuzaliwa ni kama kipira ndani ya bakuli. Kipira ni kichwa cha mufupa wa paja, bakuli iko ndani ya mufupa wa kiuno. Kati yao kuko gegedu laini na majimaji yanayoteleza kuliko mafuta ya mashini. Proteze inafuata umbo hilo: fimbo ya chuma inaingizwa ndani ya mufupa wa paja, juu yake kipira cha chuma ao cha seramiki, na upande wa kiuno bakuli ambayo mara nyingi ndani yake ni plastiki. Fimbo na bakuli vinashikwa ku mufupa kwa simenti ya pekee, ao vinaachwa mufupa wenyewe uote na kuvishika.

Aliyeifanya kazi hiyo ijulikane duniani ni munganga Muingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington, karibu na Wigan. Kipira chake kilikuwa kidogo, milimeta 22 na kitu, juu alitaka msuguano upungue. Kwa bakuli alichagua Teflon, ile ambayo leo iko ndani ya sufuria zisizoshika chakula. Kufikiri kwake kulikuwa kwepesi: kama inateleza hivyo, itadumu. Kuanzia mwaka wa 1958 aliiweka kwa wagonjwa karibu 300. Mwanzoni walifurahi sana. Kisha ya miaka mbili, tatu, maumivu yakarudi. Teflon ilikuwa inalika haraka, na unga wake ulijaza kiungo donge jeupe, na mufupa wa pembeni ukaharibika. Charnley alilazimika kuwafungua tena wagonjwa wake.

Kile alifanya kisha hakifundishwi sana, lakini kinastahili kujulikana. Alijidunga mwenyewe, ndani ya paja lake, unga wa Teflon na unga wa plastiki ingine, polietilene. Akangojea miezi 9. Pale penye Teflon vilibaki vinundu vyenye alikuwa anagusa na kidole. Pale penye polietilene hakusikia kitu. Aliandika matokeo hayo ndani ya gazeti la waganga, Lancet, mwaka wa 1963.

Polietilene yenyewe ilimufikia karibu kwa bahati. Mwaka wa 1962 muuzaji mumoja alipita ku Wrightington na kipande cha plastiki iliyotumiwa ku mashini za kufuma nguo. Charnley aliikwaruza na ukucha, akaona haina maana. Fundi wake, Harry Craven, aliiweka hata hivyo ku mashini ya kujaribu msuguano, akaiacha izunguke. Majuma yakapita, na plastiki haikulika kama Teflon. Munganga aliporudi kuangalia, akabadilisha mawazo. Mwezi wa 11 wa mwaka huo polietilene ikaingia ndani ya nyonga ya mutu, na mupaka leo ni jamaa ya plastiki hiyo ambayo inatumiwa kwa wingi duniani. Fundi bila jina kubwa alisaidia wagonjwa wengi kuliko maprofesa fulani.

Lakini paja la Charnley lilimudanganya kidogo. Unga wa polietilene uliolala ndani ya nyama hauletei mutu shida ya kuonekana. Unga uleule, ukizalishwa kila siku pembeni ya mufupa, kwa miaka 10 ao 15, ni hadisi ingine.

Simenti ilishitakiwa bure

Mwaka wa 1976, huko Boston, munganga William Harris wa hospitali ya Massachusetts General alitangaza habari za wagonjwa wachache ambao mufupa wao wa paja ulikuwa na mashimo makubwa kuzunguka proteze. Ku radiografi ilifanana na kansa. Kipande cha nyama kilipopelekwa ku laboratware, kansa haikuwemo, mikrobi pia hapana. Kulikuwa tu seli nyingi za kinga, zimejaa. Mwaka uliofuata, Hans-Georg Willert na Manfred Semlitsch waliandika kama kiungo kina uwezo wa kuondoa takataka za proteze kufikia kiasi fulani. Kiasi hicho kikipita, takataka zinabaki, zinachokoza, na mufupa unaanza kuachilia proteze.

Hata hivyo, kwa miaka mingi kosa liliwekwa juu ya simenti. Waganga walizungumuza hata juu ya «ugonjwa wa simenti». Viwanda vikatengeneza proteze zisizotumia simenti, na watu wakafikiri shida imekwisha. Haikukwisha. Mashimo yaliendelea kuonekana, mara ingine makubwa zaidi, kwa watu wasiokuwa hata na kijiko kimoja cha simenti ndani ya muguu. Pale njo ilieleweka: kitu kilichokuwa kwa wote wawili, wenye simenti na wasio nayo, ni plastiki ya bakuli na kipira kinachoisugua.

Namna mwili unakula mufupa wake

Vipande vinavyotoka ku polietilene ni vidogo mupaka havionekani na macho. Vingi havifiki mikrometa 1, ni kusema chini ya sehemu moja ya elfu ya milimeta. Makadirio yanayotajwa sana ni laki kadhaa za vipande kwa kila hatua. Mutu anayetembea vizuri anapiga kila muguu hatua karibu milioni moja kwa mwaka. Hesabu inatisha, lakini idadi peke yake si tatizo. Tatizo ni ukubwa wao: ni saizi ileile ya mikrobi, na mwili unadanganyika.

Ndani ya mwili kuko seli zenye kazi ya kula uchafu, makrofaje. Zikikutana na mikrobi, zinaimeza na kuiyeyusha. Zikikutana na kipande cha plastiki, zinakimeza vilevile, lakini kukiyeyusha zinashindwa. Seli inabaki na muzigo tumboni na inaanza kupiga kelele. Kelele hiyo ni vitu vya kemikali, kama TNF na interlekini, vinavyoita seli zingine zije kusaidia. Zinakuja, zinameza, zinashindwa pia, zinapiga kelele. Fasi inavimba ndani, polepole, bila homa na bila muguu kuwaka moto. Njo tofauti na kidonda cha kawaida: huu uvimbe hauponi, juu kinachouchokoza kinaongezwa kila mutu anaposimama.

Mufupa nao si jiwe. Kila siku kuko seli zinazobomoa mufupa wa zamani, osteoklasti, na zingine zinazojenga mupya. Zikienda sawa, mufupa unabaki muzima. Kelele za makrofaje zinafanya kitu kinachoitwa RANKL kiongezeke, na hicho njo amri inayoamusha wabomoaji. Wabomoaji wanakuwa wengi, wajenzi wanazuiwa. Pole pole, kati ya proteze na mufupa kunaota ngozi laini ya nyama yenye uvimbe, na mwaka wa 1983 watafiti wa Boston walionyesha kama ngozi hiyo inatoa yenyewe vitu vinavyoyeyusha mufupa. Majimaji ya kiungo pia yanasukuma unga uingie mbali zaidi, penye kuko nafasi. Proteze inabaki kama muti wa palisadi katika udongo ulioloa.

Namna watafiti wanaichunguza ni ya kufurahisha kwa anayependa mashini. Wana vifaa vinavyofanya proteze itembee bila mutu: vinaipinda na kuilemeza, usiku na mchana, ndani ya seramu ya damu ya ndama yenye joto la mwili, kwa sababu maji matupu hayatoi unga unaofanana na wa kweli. Milioni moja ya mizunguko inahesabiwa kama mwaka mumoja. Kisha wanapima uzito uliopotea na kuchuja ile seramu. Kwa upande mwingine, kila mugonjwa anapofunguliwa tena, nyama iliyotoka kuzunguka proteze inayeyushwa katika laboratware, vipande vinabaki, vinahesabiwa chini ya mikroskopi ya elektroni. Wengine wanaweka unga juu ya fuvu la panya na kuangalia mufupa unavyotoboka. Panya aliyenyimwa uwezo wa kusikia TNF, mufupa wake unatoboka kidogo tu. Kutokana na vipimo kwa wagonjwa kulitoka kipimo kimoja kinachofaa kukumbukwa: kama plastiki inalika chini ya milimeta 0,1 kwa mwaka, osteolizi inakuwa nadra.

Plastiki ngumu, na kobalti yetu

Kumbe namna ya kuua mikrobi ilichangia shida. Kwa miaka mingi bakuli za polietilene zilisafishwa na mionzi ya gama katika hewa. Mionzi iliacha ndani yake alama zilizoendelea kukutana na oksijeni, na plastiki ikawa rahisi kuvunjika, hata ikiwa bado imefungwa ndani ya kartoni yake. Harris na wenzake wa Boston, pamoja na watu wa chuo cha MIT, walitumia mionzi hiyohiyo kwa akili ingine: nguvu kubwa zaidi, ili nyuzi za plastiki zishikamane kama wavu, kisha kuyeyusha plastiki kwa joto ili zile alama ziishe. Plastiki hiyo iliingia ku hospitali mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa wagonjwa waliofuatwa miaka 10 na zaidi, kulika kumeshuka sana na mashimo yamekuwa machache. Seramiki kwa seramiki inatoa unga mudogo kabisa, ila inaweza kuvunjika na bei yake iko juu.

Jaribio lingine lilienda vibaya: kuondoa plastiki na kusugua chuma kwa chuma. Chuma hicho ni muchanganyiko wa kobalti na kromu, na hapa Mukongomani ana haki ya kuinua sikio, kwa sababu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Nyingi inaenda ndani ya betri, kidogo sana inaenda ndani ya proteze. Msuguano wa chuma ulipunguza ukubwa wa vipande lakini uliongeza idadi, na kobalti ikaingia katika damu. Kwa wagonjwa fulani nyama iliyozunguka nyonga ilikufa ao kufanya donge. Mwezi wa 8 wa mwaka wa 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni proteze yake ya ASR, ambayo ilikuwa imewekwa kwa watu karibu 93 000. Australia ndio waliona mapema, kwa sababu wana daftari ya taifa inayoandika kila proteze na kila inayotolewa. Uingereza iliwapangia wagonjwa wa chuma kwa chuma kipimo cha damu: kobalti ikipita mikrogramu 7 kwa litre, wafuatwe kwa karibu.

Na dawa? Hapo maneno ni machache. Dawa za kupunguza wabomoaji, zile za mifupa myepesi ya wazee, zimejaribiwa. Huko Sheffield, jaribio moja dogo la denosumab, dawa inayozuia RANKL, lilionyesha kama wabomoaji wanapungua sana ndani ya ile nyama. Ni alama nzuri, lakini mupaka sasa hakuna dawa iliyokubaliwa kwa ugonjwa huu. Kukanda na kupaka mafuta hakufiki kule. Mufupa ukiendelea kupotea, njia ni kufungua: kubadilisha plastiki na kipira ikiwa vingine bado vinashika, ao kutoa vyote. Upasuaji wa pili ni murefu, damu inapotea zaidi, na bei inapanda. Penye mufupa umekwisha, waganga wanajaza na mufupa wa kupandikiza, ao wanatumia chuma chenye matundu kama sponji, tantali, ambacho mufupa unapenda kuotea ndani. Tantali inatoka ku koltani, ileile inayochimbwa Rubaya, katika Masisi.

Kinachofuatwa kisha ya kurudi nyumbani

Isieleweke kama proteze ni mutego. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2019 katika Lancet, ukikusanya daftari za inchi mbalimbali, unaonyesha kama nyonga karibu 58 kwa 100 zinadumu miaka 25, na magoti karibu 82 kwa 100. Mutu aliyekuwa anatambaa na sasa anaenda soko hana sababu ya kujuta. Shida ni kutofuatwa, na hapa kwetu hilo njo pengo kubwa. Osteolizi haina maumivu mwanzoni. Mutu anajisikia muzima mupaka proteze inaanza kucheza ao mufupa unavunjika kwa kujikwaa kidogo. Radiografi tu njo inaona mapema, na ile haiombi safari ya India: mashini zipo ku hospitali nyingi za miji yetu. Waganga wa mifupa wanashauri picha moja kisha ya upasuaji, ingine ku mwaka wa kwanza, na kisha kila miaka kadhaa hata kama hakuna maumivu.

Maumivu ya kinena ao ya paja wakati wa kuanza kutembea, kuchechemea kunakorudi, muguu unaoonekana mufupi kuliko zamani: hayo ni ya kwenda nayo ku munganga bila kungojea. Homa, kidonda kinachotoa usaha ao maumivu ya usiku yanaelekeza zaidi ku mikrobi, lakini mikrobi ya proteze inaweza kujificha bila homa, na kwa hiyo kipimo cha damu na cha majimaji ya kiungo kinafanywa kwanza mbele ya kusema ni unga.

Munganga wa hapa atauliza kitu kimoja ambacho wagonjwa wengi hawana: jina la proteze, saizi ya kipira, aina ya plastiki, tarehe ya upasuaji na upande. Yote hayo yameandikwa ku vibandiko vidogo ambavyo hospitali inaweka ndani ya dosie, na mugonjwa ana haki ya kuomba nakala mbele ya kupanda ndege. Bila hiyo karatasi, anayefungua tena anaweza kukosa kipande kinachoingiliana na kile kilichobaki, na kulazimika kung'oa fimbo ambayo ilikuwa bado inashika vizuri. Picha ya vibandiko ku telefone inatosha, pamoja na radiografi ya kwanza, juu shimo linajulikana kwa kulinganisha picha ya leo na ile ya zamani.